Bei Ikipanda, Ni Sahani ya Mama Inayopungua



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya mishahara, nyumba na saa za zamu. Safari hii twataka kuandika juu ya sahani. Tunajua wako watakaocheka na kusema ya kwamba mambo ya jikoni si mambo ya chama, ni mambo ya mtu na bibi yake. Hata sisi wenyewe tulikuwa tukisema hivyo, mpaka neno moja lilipotokea katika gangi letu.

Bibi wa mwenzetu mmoja alikuwa na mimba ya miezi sita. Asubuhi moja, akiwa katika foleni ya maji, alishikwa na kizunguzungu akaanguka pamoja na mtungi wake. Majirani wakampandisha pikipiki wakampeleka kliniki, na alipopimwa akaambiwa ya kwamba damu yake imepungua sana. Muuguzi akamwuliza, "Mama, jana ulikula nini?" Akajibu kwamba asubuhi alikunywa chai, mchana hakuhisi njaa, na jioni alikula ugali kwa mchuzi. Muuguzi akamwuliza mchuzi wa nini. Akasema ni wa maharagwe, lakini maharagwe yenyewe yalikuwa yamekwisha kwa baba na watoto.

Mwenzetu alitueleza habari hii siku ya pili, tulipokuwa tumeketi kando ya njia tukingoja treni ipite. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Na mimi siku ile mchana nilikula ugali na matumbo, nikaongeza nusu." Hapo sote tukanyamaza, kwa maana tulikuwa pamoja naye kibandani, na kila mmoja wetu aliongeza.

Tazameni jinsi mambo yalivyo. Sisi tunaofanya kazi ya njia hatuwezi kuinua mataruma na kupiga nyundo kwa tumbo tupu. Saa ya mchana twaenda kwa mama wa kibanda, twakula ugali na maharagwe, au matumbo, au samaki siku ya mshahara, na kachumbari juu yake. Pesa ile hutoka mfukoni mwetu kabla haijafika nyumbani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuihesabu kuwa ni pesa ya chakula cha nyumba. Tuliiita pesa ya kazi. Kisha jioni twafika nyumbani, twawekewa sahani ya kwanza, na iliyojaa. Watoto wanapewa ya pili. Mama anakula kilichobaki chini ya sufuria, na akiulizwa anasema ameshiba, au anasema alionja alipokuwa akipika.

Hatusemi haya ili kuwatukana wanaume wenzetu. Anayefanya kazi nzito lazima ale. Lakini yatupasa tuseme kweli: bei ya vyakula inapopanda na mshahara unapokaa pale pale, upungufu ule haupotei hewani. Lazima mtu aulipe. Tulipotazama vizuri tuliona ya kwamba aulipaye ni mama wa nyumba, naye aulipa kwa mwili wake, kimya kimya, bila risiti.

Baada ya neno lile watu wachache wa gangi letu tulikubaliana jambo moja. Tukanunua madaftari ya shule, tukawaomba bibi zetu waandike kwa muda wa mwezi mmoja vitu viwili: bei ya kila kitu walichonunua, na kila kitu walichokula wao wenyewe, si baba, si watoto. Wengine walikataa mwanzoni, wakidhani tunawapeleleza matumizi. Ilitubidi tuwaeleze. Mama mmoja alisema ataandika kwa sharti mumewe naye aandike anachokula kazini, na sharti hilo likapita kwa kura nyingi, ingawa si kwa furaha.

Tulichosoma katika madaftari yale ni kitu kimoja, ukurasa baada ya ukurasa. Chai. Ugali na sukuma wiki. Chai na mandazi moja. Ugali na kabichi. Chai. Mayai yaliandikwa, lakini kando yake mama ameandika "ya watoto". Ndizi na machungwa yalionekana wiki ya mshahara, halafu yakatoweka kama maji mchangani. Maziwa yalikuwamo kila siku, lakini ni yale ya kugeuza rangi ya chai tu.

Sasa liko jambo tulilofundishwa na muuguzi yule yule, ambalo twaona lafaa kila mwanachama alijue. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa mwaka 2016 kipimo cha chakula cha wanawake. Hakihitaji mizani. Vyakula vyote vimegawanywa katika mafungu 10: nafaka pamoja na viazi, mihogo na ndizi za kupika, maharagwe na jamii yake, njugu na mbegu, maziwa, nyama, kuku na samaki, mayai, mboga za majani mabichi, mboga na matunda ya rangi ya manjano kama karoti, boga na embe, mboga nyingine, na matunda mengine. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa akila kwa siku moja vyakula kutoka mafungu 5 au zaidi, kuna matumaini mema ya kwamba mwili wake unapata vitamini na madini yake. Chini ya hapo mashaka huzidi. Tena kitu kidogo kisichofika kijiko kikubwa hakihesabiwi, kwa hiyo maziwa ya chai nyepesi hayamwingizi mtu katika fungu la maziwa.

Tukachukua madaftari tukahesabu. Siku nyingi bibi zetu walipata mafungu mawili au matatu. Kisha tukahesabu daftari la mmoja wetu, alilokuwa ameliandika kwa sharti la yule mama. Kwa sababu ya chakula cha kibandani yeye alifika manne, na siku nyingine matano. Mshahara ni mmoja, nyumba ni moja, lakini afya ni mbili.

Jambo hili lingekuwa dogo kama mwili wa mwanamke ungehitaji kidogo kuliko wetu. Kweli, mtu wa nyundo ahitaji chakula kingi zaidi cha kumtia nguvu. Lakini katika madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu, mambo yamegeuka. Waganga watuambia ya kwamba mwanamke wa umri wa kuzaa ahitaji chuma zaidi ya mara mbili kuliko mwanamume, kwa sababu kila mwezi hupoteza damu. Na akiwa na mimba ahitaji zaidi ya hapo. Basi aliye na haja kubwa ndiye anayepewa mchuzi, na aliye na haja ndogo ndiye anayepewa maini. Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika wanawake wenye mimba, 41.6 kwa kila mia walikuwa na upungufu wa damu. Si wote kwa sababu ya chakula, maana malaria na minyoo nazo huiba damu, lakini sahani ina fungu lake kubwa.

Kliniki hutoa vidonge vya kuongeza damu, navyo ni vyema, lakini kina mama wengi huviacha. Sisi tulidhani ni uvivu au ujinga. Kumbe vidonge vile vikiingia katika tumbo tupu humtia mtu kichefuchefu. Mtu asiyekuwa na chakula cha mchana atavimeza na nini? Mwenzetu aliagizwa ampe mkewe maharagwe yenyewe wala si mchuzi, na omena, na managu, na chungwa au limau pamoja na mboga ili chuma kiingie vizuri mwilini. Tena asinywe chai pamoja na chakula, kwa maana majani ya chai huzuia chuma kile. Aliyafanya hayo kwa kuacha kula kibandani siku tatu katika wiki na kubeba chakula cha nyumbani katika mkebe. Tulimcheka siku ya kwanza. Siku hizi mikebe iko minne. Bibi yake alijifungua salama, twashukuru.

Wako wazee watakaosema, "Mama zetu walikula ugali na mboga, wakazaa watoto kumi, wakalima mpaka uzee." Ni kweli walilima. Lakini tukumbuke vizuri walikuwa wakila nini. Mama aliyekuwa shambani hakungoja sahani ya jioni. Aling'oa njugu akazitafuna, alivunja muwa, alichuma mapera na maembe njiani, alichoma mahindi mabichi au kiazi kitamu kwenye moto wa magugu. Kunde, mchicha na managu vilimea bila kununuliwa. Hata alipohudumia wengine kwanza, alikuwa amekwisha pata chake mchana bila kuomba. Mjini hakuna cha kuchuma njiani. Kila kitu kinachoingia kinywani lazima kwanza kipite dukani, na mtu asiye na shilingi mkononi hali.

Na kwa makabila mengine ya magharibi ilikuwa mwiko mwanamke kula kuku au mayai. Firigisi ilikuwa ya baba. Siku hizi vijana wanaicheka mila ile na kujisifu kwamba imekufa. Twawaomba watazame sahani zao wenyewe. Mila imekufa, lakini bei imekaa kwenye kiti chake, na mayai bado hayamfikii mama.

Sasa tuseme juu ya dukani, kwa maana huko ndiko mtu wa mshahara mdogo anakotozwa kodi isiyoandikwa. Mwenye pesa hununua mafuta kwa lita na maharagwe kwa gunia. Sisi twanunua mafuta ya kupima ya Shs. 20/-, sukari ya kikombe, nyanya tatu, na vitunguu viwili. Tukijumlisha vile vipimo vya Shs. 20/- mpaka vitimie lita moja, twakuta tumelipa zaidi kuliko yule aliyenunua chupa nzima. Maskini hununua ghali kwa sababu hana pesa za kununua rahisi. Muuza duka simlaumu sana, naye ana kodi na chupa za kuvunjika. Lakini bibi zetu hufanya hesabu hii kila jioni kichwani, na hesabu ikikataa, kinachotolewa kwanza ni tunda, kisha yai, kisha maharagwe. Ugali hautolewi kamwe.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanasiasa wetu. Katika nchi hii neno chakula likitamkwa mbele ya watu humaanisha unga. Mwaka 2022 paketi ya kilo 2 ilipita Shs. 200/-, na mwezi Julai, uchaguzi ukiwa karibu, serikali ikatangaza kulipia sehemu ya bei ili iuzwe Shs. 100/-. Tunakumbuka rafu zilivyokuwa tupu wiki zile. Mwaka ule ule, baada ya uchaguzi, serikali mpya iliuondoa mpango huo. Wengine wanasema ulikuwa mwema, wengine wanasema ulikuwa wa kura. Sisi twasema hivi: hata kama unga ungeuzwa Shs. 50/- mwaka mzima, mama angejaza tumbo lakini bado asingefika mafungu matano. Hakuna aliyepanda jukwaani kutuahidi maharagwe. Hakuna aliyesema neno juu ya yai au maziwa ya mwanamke mwenye mimba. Ni kweli kwamba tangu 2012 sheria yataka unga wa paketi utiwe vitamini na madini, na sheria hiyo ni njema, lakini jamaa nyingi za wafanya kazi hununua mahindi kwa gorogoro na kusaga kwa posho mili, na huko kwa kawaida hakitiwi kitu.

Liko na jambo jingine ambalo wengi hawalioni kuwa ni njaa. Mwenzetu anamsifu bibi yake kwamba amenenepa mjini, maisha yamemkubali. Labda ndivyo, labda sivyo. Hesabu ya serikali ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba mwanamke mmoja katika kila watatu alikuwa na uzito uliozidi kiasi, na uchunguzi wa 2022 ukakuta wamezidi kuongezeka. Mtu atauliza, wanawake watakosaje chakula na huku wananenepa? Jibu liko katika bei. Kinachojaza tumbo kwa shilingi chache mjini ni mandazi, chapati, chipsi, sukari na ugali mkubwa wenye mboga kidogo iliyoelea mafuta. Vyote hivyo hutia mafuta mwilini lakini havitii damu. Mwanamke aweza kuwa mnene na huku damu yake ni haba. Sahani ile ile imempa yote mawili, na baadaye humletea sukari na shinikizo la damu. Basi tusidanganywe na mwili mkubwa, wala tusiwacheke.

Mtu mwenye haki atatuuliza: kwa nini mshahara wa mtu mzima usitoshe sahani mbili zilizo sawa? Jambo hili lina asili yake, nayo ni ya zamani kama reli yenyewe.

Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na ilipofika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na miaka mingi baada ya hapo, mfanya kazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu mmoja. Vibarua wengi walipewa posho ya unga wa mahindi, kwa kawaida ratili mbili kwa siku, na kitanda katika chumba cha wanaume. Bibi yake alibaki nyumbani, katika risavu, akalima shamba, akajilisha mwenyewe pamoja na watoto na wazee. Kwa maneno mengine, jembe la mwanamke ndilo lililoufanya mshahara mdogo wa mwanamume uwezekane. Tajiri alinunua nguvu za watu wawili akalipa mmoja.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari, wa reli na wa kazi nyingine, waliweka chini vyombo vyao, na ugumu wa maisha na bei za vitu ndiyo yaliyokuwa moyoni mwa madai yao. Mwaka 1954 kamati ya serikali juu ya mishahara ya Waafrika, iliyoitwa kwa jina la mwenye kiti wake Carpenter, ilikiri mambo yaliyokuwa yakisemwa mitaani: ya kwamba mishahara ilikuwa imepimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke, na hata kwa kipimo hicho, karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika kazi za watu binafsi hawakupata cha kuwatosha. Kamati ikashauri mshahara upandishwe kidogo kidogo mpaka umtoshe mtu pamoja na jamaa yake.

Miaka zaidi ya 70 imepita. Bendera imebadilika, mabwana wamebadilika, reli yenyewe imegawanyika na kuunganishwa na kukodishwa na kurudishwa. Bibi zetu sasa wengi wako nasi mjini, bila shamba, na wale walio nyumbani wana vipande vidogo visivyotoa gunia la kututumia kwa basi kama zamani. Je, kipimo cha mshahara kimebadilika? Tuhesabu. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi, kwa amri iliyotoka 2024, kiliwekwa kuwa Shs. 16,113.75 kwa mwezi. Toa akiba ya uzeeni asilimia 6, bima ya afya asilimia 2.75, na kodi ya nyumba za serikali asilimia 1.5. Yabaki kama Shs. 14,460/-. Chumba kimoja, tuseme Shs. 5,000/-, na wengi hulipa zaidi. Yabaki Shs. 9,460/-, ndiyo kusema Shs. 315/- kwa siku, kwa baba, mama na watoto, kwa chakula, makaa, maji, sabuni, nauli, daftari za shule na dawa. Wengi wetu tulioajiriwa kwa mkataba twapata zaidi ya hapo, lakini vibarua wetu na dada zetu wanaofagia hawapati mbali sana na hapo. Tangu tukiwa shule ya misheni tulisikia habari za mjane wa Sarepta, ambaye unga wake haukupunguka katika pipa. Bibi zetu nao ni watu wa sala, lakini pipa lao hupunguka tarehe 12 ya kila mwezi.

Na juu ya dada zetu hao tuseme neno. Mwanachama mwanamke anayelea watoto peke yake hana mtu wa kumlaumu kwa kuchukua sahani ya kwanza. Yeye ndiye mshahara na yeye ndiye sufuria. Huamka saa kumi usiku, huja kazini kwa chai ya rangi, na mchana hukaa nyuma ya jengo akisema amefunga. Tulidhani ni mtu wa dini sana. Ilituchukua muda mrefu kujua ya kwamba alikuwa akibakiza pesa ya chakula cha mchana ili inunue maziwa ya mtoto.

Sasa, twataka nini?

Kwanza kwetu wenyewe. Pesa ya kibandani ihesabiwe pamoja na pesa ya nyumba, mezani, bibi akisikia. Mtu asiache Shs. 200/- juu ya redio akaenda zake, kisha jioni aulize nyama iko wapi. Na wale wanaosema kwamba bibi zao ni wafujaji, twawaomba kwanza wahesabu chupa za Jumamosi na mikeka ya kubeti. Katika gangi letu tulijaribu, na hesabu ilituumiza.

Pili, nyumba sita kati yetu tulichanga tukaagiza gunia la maharagwe kutoka Magharibi, tukagawana kwa gorogoro. Bei ilikuwa nafuu kuliko ya kikombe, hilo halina ubishi. Lakini tusifiche matatizo: dumuzi waliingia katika fungu la mmoja, na mmoja alichelewa kulipa tukakasirikiana wiki mbili. Twaamini tawi laweza kulifanya vizuri zaidi kuliko sisi, likiwa na stoo kavu na mtu wa kuandika.

Tatu, na hili ndilo kubwa, katika mapatano ya mishahara yajayo chama kisiende mezani na asilimia peke yake. Serikali hutoa kila mwezi hesabu ya kupanda kwa bei, na waajiri huitumia kutujibu. Katika hesabu ile chakula kimepewa uzito wa kama theluthi moja ya matumizi yote. Katika madaftari ya bibi zetu chakula kilikula zaidi ya nusu ya kilichobaki baada ya kodi ya chumba. Kwa hiyo bei ya vyakula ikiruka na bei ya vitu vingine ikitulia, kitabu chao kitasema maisha yamepanda kidogo, na jikoni kwetu yamepanda sana. Twaomba chama kipeleke mezani hesabu yetu wenyewe: gharama ya kumlisha mwanamke mmoja mafungu matano kila siku, kwa bei za Muthurwa na za madukani mitaani, na hiyo iwe ndiyo chini ya sakafu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha kilicho bora. Haikusema kila mwanamume.

Nne, katika wajumbe wanaokwenda kuzungumza na waajiri wawemo wanawake, wala si mmoja wa kuandika chai na biskuti. Sisi wanaume hatujui bei ya vitunguu. Tulithibitisha hivyo siku tuliyoulizana kibandani, hakuna aliyekaribia.

Tumemwomba mwenye kiti wa tawi alitie neno hili katika mkutano ujao, naye amekubali. Tumemwomba pia mkutano ufanywe Jumapili alasiri badala ya Ijumaa usiku, ili kina mama wafike na watoto wao, na hilo angali analifikiri. Madaftari yako kwa mwandishi wa tawi, majina yamefutwa. Yuko ofisini kila siku baada ya saa kumi na moja, na daftari tupu anazo.